Uma

Uma wa mezani una meno manne.
Wangu ulikuwa na mawili,
kila jino refu kuliko mtoto wa miaka saba,
na chakula chake vigae,
tani moja na robo kwa tonge,
usiku kucha, katika ghala la Ílhavo
ambako ukungu wa wangwa huingia kwa mlango wa tatu
na kulala sakafuni kama mgeni asiyekaribishwa.

Sikuuogopa. Hilo nilitangulize.
Miaka kumi na mmoja juu ya kiti kile,
naigeuza foklifti mahali ambapo mwingine angeomba uwanja.
Mkanda niliukalia.
Kasi iliyoandikwa ukutani, kilomita nane,
niliisoma kama tangazo la msiba wa nisiyemjua.

Kisha ile kengele.
Nikirudi nyuma: pii, pii, pii.
Mara mia nne kwa zamu moja.
Nilikwenda nayo nyumbani,
niliisikia kwenye birika,
kwenye kifua cha mwanangu mwenye pumu.
Basi Februari, Jumanne moja,
nikachukua kitambaa cha kufutia oili
nikaifunga mdomo.

Wenzangu wakapiga makofi.
Zulmira naye. Nakumbuka, Zulmira naye:
"Adérito, umetuponya masikio."

Siku tisa za kimya kitamu.

Ya kumi, saa tisa za usiku,
alikuwa ameinama kwenye ujia wa nne
akiokota lebo iliyobanduka,
karatasi tu, upana wa kiganja.
Mzigo ulinizibia mbele,
nikaenda kinyumenyume, kama kanuni inavyotaka.
Ndiyo, kanuni. Hiyo moja niliifuata.
Nikatazama juu ya bega la kushoto.
Yeye alikuwa kulia.

Watu huutazama uma.
Kilichouma ni nyuma.

Mlio wake sitausimulia.
Nitasimulia kiatu: kilikuwa na chuma puani,
chuma kikafanya kazi yake,
vidole vyote vitano vikasalimika.
Kisigino hakuna aliyekifikiria.

Kabla gari la wagonjwa halijafika
kitambaa kilikuwa mfukoni mwangu.
Mkono ulikwenda wenyewe,
haukuniuliza.
Kengele ikarudi kulia vizuri kabisa,
mkaguzi akaijaribu mara tatu,
pii, pii, pii, akaweka alama ya vema.
Kisha akaanza kuandika:
majeruhi hakuvaa koti la kung'aa,
majeruhi aliinama pasiporuhusiwa,
majeruhi, majeruhi,
kalamu ikiteleza kama iliyopakwa mafuta,
na wanaume wanane wakikagua kucha zao.

Nilihesabu mistari. Kwenye wa sita
nikakiweka kitambaa mezani.
Hakikuwa ushujaa. Kilikuwa kinanuka,
na nilidhani kila mtu anakisikia.

Siendeshi tena.
Jumatatu hunipa vijana wapya,
viatu vyao bado vinalia kwa upya,
nao hungoja niwaonyeshe picha za kutisha.
Nawaonyesha kitambaa.
Mmoja, jina lake Evaristo, aliwahi kucheka:
"Ndicho hiki tu?"
Ndicho hiki tu.

Zulmira sasa yuko ofisini, anapanga oda.
Ngazi akizipanda husikika miguu miwili tofauti,
mmoja unasema, mwingine unajibu kwa kuchelewa.
Hajanisamehe, nami sijamwomba;
tunapeana habari za mvua.

Juzi nilimwona mtaani, mkate kwapani.
Lori la taka lilikuwa likirudi nyuma,
mbali, ng'ambo ya kanisa,
pii, pii, pii.
Akasimama.
Njia mbele yake ilikuwa nyeupe, haina hata paka.
Akasimama hivyo hivyo, mkate ukipoa,
mpaka lilipomaliza kusema.